Aone Kwanza, Umweleze Baadaye: Jinsi ya Kuwaonyesha Watu wa Lubumbashi Mbingu Yao

Usiku wa kwanza nilipoweka darubini barabarani Katuba, hapa Lubumbashi, nilishindwa vibaya, na kosa lilikuwa la mdomo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kama mwalimu wa mtihani. Nikaanza na chanzo cha ulimwengu, miaka bilioni 13.8, nikapita kwenye galaksi, nikafika kwenye mashimo meusi. Dakika ishirini hivi, mbele yangu walibaki watoto watatu na mbwa wa jirani.

Kisha akapita mama mmoja muuza makala (makaa), akiwa anarudi nyumbani. Akauliza, "Papa, ile tiyo ni ya kufanya nini?" Tiyo kwetu ni bomba, na hapo alimaanisha darubini. Nilikuwa nimechoka kusema, nikamwambia achungulie tu. Mwezi ulikuwa nusu. Akachungulia, akanyamaza, akainua kichwa autazame kwa macho yake, akarudi tena kwenye tiyo. Halafu akaita barabara nzima: "Mukuye muone! Mwezi iko na matobo!" Hata dakika tano hazikupita, foleni ikawa imefika kwenye kona.

Tangu usiku ule sisemi lolote mpaka mtu awe ameshaona. Yote ninayoandika hapa yanatoka kwa yule mama.

Hatua ya kwanza: chagua usiku

Usichague mwezi mpevu. Watu wengi hudhani usiku wa mwezi mzima ndio mzuri, kumbe ndio mbaya kuliko yote. Jua linaupiga mwezi usoni, vivuli vinapotea, unabaki sahani nyeupe inayoumiza jicho. Chagua siku ya tano hadi ya kumi tangu mwezi uandame. Hapo, kwenye mpaka wa mwanga na giza, milima inatupa vivuli virefu na kila tobo lina ukingo. Isitoshe mwezi unakuwa juu tangu jioni, kwa hiyo watoto hawakeshi.

Kwetu Lubumbashi msimu ni Mei mpaka Julai. Mvua imekwisha, anga kavu, na Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukianza saa kumi na mbili na nusu unamaliza saa mbili usiku, wasichana wanarudi kwao mapema na hakuna mzazi wa kukulaumu. Agosti na Septemba hakuna mawingu, lakini moshi wa vichaka vinavyochomwa unajaa upeoni na nyota za chini zinamezwa. Kuanzia Novemba ni bahati nasibu, ingawa ikinyesha mchana mzima halafu ikafunguka usiku, anga lililooshwa vile halina mfano.

Baridi ya Juni inauma na watu watakuja na mbabula, jiko la makaa. Mwache mama awashe, ila iwe mita kumi kutoka kwenye kifaa na isiwe upande unaoutazama. Hewa ya moto ikipita mbele ya darubini, sayari ya Zohali inacheza kama jiwe lililo chini ya maji. Paa la mabati lililopigwa jua kutwa nzima hufanya vilevile, kwa hiyo nyota iliyo juu tu ya paa iache ipande kwanza.

Hatua ya pili: ruhusa

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Tiyo ndefu juu ya miguu mitatu, gizani, imeelekezwa juu: fikiria mwenyewe askari wa doria ataona nini. Nenda mchana kwa chef wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, mpelekee kifaa akishike, mwambie siku na saa. Askari wakipita, wawe wa kwanza kuchungulia. Mimi sijawahi kuona askari aliyekwisha kuutazama mwezi akabaki mkali.

Mahali pazuri ni uwanja wa shule au wa parokia, au parseli kubwa yenye ukuta unaozuia taa za barabarani. Umeme ukikatika, shukuru. Huo ndio usiku pekee ambao kukatika kwa umeme ni zawadi, kwa sababu Njia ya Maziwa inajitokeza juu ya Kamalondo kama ungali kijijini.

Hatua ya tatu: kifaa

Anza na macho matupu, kisha jumeli (darubini ndogo ya macho mawili), kisha darubini. Jumeli iliyoandikwa 7x50 au 10x50 inatosha kwa mwaka mzima wa kazi. Ukiiegemeza ukutani au juu ya gunia la mchanga isitikisike, itakuonyesha miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Itazame leo, itazame kesho, utaikuta imehama. Kwangu hiyo miezi minne inashinda picha yoyote ya intaneti, maana mtu anaishuhudia mwenyewe ikitembea.

Huna fedha ya darubini? Tengeneza. Nenda kwa fundi wa miwani, mwombe lenzi yenye nguvu ya dioptri +1, ya duara, isiyo ya rangi. Lenzi hiyo inakusanya mwanga kwenye umbali wa mita 1, na umbali huo ndio unaoitwa fokasi. Ihakikishe ukiwa nyumbani: simama upande wa ukuta unaotazamana na dirisha, sogeza lenzi mbele na nyuma mpaka picha ya dirisha itokee ukutani kichwa chini miguu juu, halafu pima. Usipime kwa kulielekea jua, utachoma karatasi au jicho.

Lenzi ya pili ni lupa ndogo, lenzi ya kukuzia vitu vidogo. Ya fundi saa yenye fokasi ya sentimita 5 itakupa ukuzaji wa mara 20, yaani 100 gawanya kwa 5. Ile wanayotumia wanajiolojia kuangalia mawe, iliyoandikwa 10x, ina fokasi ya sentimita 2.5, kwa hiyo inakupa mara 40. Hapa mjini lupa za namna hiyo hazikosekani, kila anayenunua madini anayo mfukoni.

Chukua tiyo ya PVC ya sentimita 90, pana kidogo kuliko lenzi. Ndani ipake rangi nyeusi. Ukikosa rangi, masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi yanafaa. Lenzi kubwa ikae mbele, na juu yake ubandike karatasi ngumu nyeusi yenye tundu la sentimita 3. Watu wanalikataa tundu hili, wanaona tunapoteza mwanga. Tunaupoteza kweli, lakini lenzi moja ya miwani ikiachwa wazi inatoa rangi ya zambarau pembeni mwa kila kitu, na tundu dogo linaipunguza. Galileo mwenyewe alifunika kingo za lenzi zake. Nyuma weka tiyo nyembamba ya karatasi inayoteleza ndani ya ile kubwa, lupa ikiwa mwishoni, ndipo utakapovuta na kusukuma kutafuta picha safi. Vitu vitaonekana juu chini. Waambie mapema, la sivyo watadhani imeharibika.

Shida ya darubini ya namna hii haiko kwenye lenzi, iko kwenye mtikisiko. Mara 40 ya picha ni mara 40 ya mkono unaotetemeka. Mwombe seremala miguu ya mbao mizito, na chini uning'inize mfuko wa mawe.

Kama utapata darubini kubwa inayotumia kioo cha kuakisi badala ya lenzi, tafuta ile yenye sanduku la mbao linalozunguka chini. John Dobson, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la San Francisco Sidewalk Astronomers mwaka 1968, alizijenga kwa mbao za kawaida na tiyo za karatasi ngumu, akaziweka kando ya barabara, akawaita wapita njia. Ni mtindo unaofaa kwetu kwa kuwa kila kipande kinaweza kutengenezwa na seremala.

Hatua ya nne: foleni

Onyesha kitu kimoja kwa usiku mmoja, viwili vikizidi. Ukianza kurukaruka kutoka mwezi hadi Zohali hadi nebula (wingu la gesi na vumbi angani), foleni inavunjika na walioona kimoja wanadai kingine.

Weka kijana mmoja wa kupanga mstari, na kreti ya bia iliyopinduliwa kwa ajili ya wafupi. Wazee wasikae kwenye foleni, wapewe kiti, waitwe. Mfundishe kila mtu kuweka mikono mgongoni. Hiyo ndiyo siri kubwa, kwa sababu mkono wa kwanza unaogusa tiyo unaupoteza mwezi kwa watu kumi wanaofuata. Anayevaa miwani ya kuona mbali aivue, utamrekebishia picha.

Kila baada ya watu wawili au watatu, mwezi utakuwa umesogea pembeni. Mtoto atasema, "Si miye, sikugusa!" Mwambie ni kweli, dunia ndiyo inayozunguka na sisi juu yake, na kwa jicho lake ameiona ikizunguka. Sentensi moja hiyo inatosha, kisha mpishe anayefuata.

Mtu akishachungulia, hesabu moyoni mpaka tano kabla ya kusema. Mwache yeye aanze. Wengine watauliza, "Njo hii mwezi ya siku yote?" Wengine watacheka. Mzee mmoja wa Ruashi alivua kofia.

Hatua ya tano: maneno, lakini baada ya kuona

Pembeni, mbali kidogo na foleni, weka mtu wa pili wa kuongea na walioona. Ampe kila mmoja kitu anachokijua tayari.

Mimi natumia bukari, ugali wetu. Finyanga tonge la duara lenye upana wa sentimita 14, hilo ndilo jua. Kwa kipimo hicho dunia ni punje ya ulezi, milimita 1.3, na inakaa hatua ishirini hivi kutoka kwenye bukari, yaani mita 15. Mshtarii ni karanga, mita 78. Zohali ni karanga ndogo kidogo, mita 143. Neptune iko mita 450, mwisho wa barabara, na mtoto utakayempeleka huko na mbegu yake mkononi atakuwa anapiga kelele usimsikie. Halafu uliza: tonge lingine la bukari, yaani nyota iliyo jirani yetu kuliko zote, tuliweke wapi? Watasema Likasi. Wengine, wenye moyo, watasema Kinshasa. Jibu ni kilomita 4,000: uvuke mkoa wa Tanganyika, upite Sudan, ufike Misri, karibu na Aswan. Nyota hiyo ni Proxima. Haionekani kwa macho, ila jirani yake Alfa Sentauri inaonekana, ile nyota kali kando ya Msalaba wa Kusini, na mwanga wake unatumia miaka 4 na miezi kadhaa kutufikia. (Jua la bukari mwisho wake huliwa. Usipange kulitumia siku ya pili.)

Kitu cha pili ni kobalti. Hakuna mji duniani wenye haki ya kuisimulia hadithi hii kuliko wetu. Nyota kubwa inapolipuka, inatengeneza nikeli ya aina isiyo imara. Kila siku 6 nusu yake inageuka kobalti, na kobalti hiyo nayo, kila siku 77, nusu yake inageuka chuma. Mwanga wa mlipuko katika miezi inayofuata unatoka kwenye kobalti inayokufa polepole. Februari 1987 nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ambalo kwetu Desemba na Januari linaonekana kusini kama kipande cha moshi, na vyombo vya wanasayansi vikanasa miale ya kobalti ileile. Ile ya mashimo ya Kolwezi ni kobalti imara, lakini asili yake ni hukohuko, ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Mwambie hivyo mtu aliyetoka kuchimba mchana. Sijapata kuona hadhira inayosikiliza namna hiyo.

Cha tatu kiko kwenye methali yetu wenyewe: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Huku kwetu unaweza kuihakiki. Mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaaga, kile kikundi cha nyota ndogo kinazama magharibi mara tu baada ya jua. Kinapotea wiki kadhaa, kisha Juni kinachomoza alfajiri, kiangazi kimeshika. Novemba mambo yanageuka: kinazama kabla ya kupambazuka na kuchomoza jioni, mvua zikiwa zimeanza. Wakulima walikuwa na kalenda hii kabla ya darubini yoyote. Mwulize mzee jina la kilimia kwa lugha ya kwao na uliandike. Utapata majina mengi kuliko uliyotegemea, na yeye hatakuwa tena mgeni kwenye shughuli yako.

Maswali yatakayokuja

"Ile inayokimbia bila sauti ni ndege ya walozi?" Usicheke. Aliyeuliza amekulia na habari hiyo na amejipa moyo kukuuliza mbele za watu. Mwambie mara nyingi ni satelaiti, au kituo cha anga cha kimataifa, kilichoko kilomita 400 juu na kinachoizunguka dunia kila dakika 90 hivi kikiwa na watu ndani. Hakina taa tunayoiona. Kinaakisi jua ambalo kwetu limeshazama lakini kwake bado linawaka. Halafu fanya jambo moja lenye nguvu kuliko maelezo: tafuta kwenye programu saa kitakapopita tena, itangaze, na mngoje pamoja. Kikitokea dakika uliyoitaja, mjadala umekwisha. Zile taa nyingi zinazofuatana kama mabehewa ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni.

"Bendera ya Wamarekani mwezini, iko wapi?" Hakuna darubini ya duniani inayoweza kuiona, ni ndogo mno. Onyesha Bahari ya Utulivu, lile doa jeusi, useme walitua pale Julai 1969, na kwamba watu 12 kwa jumla walitembea mwezini mpaka 1972.

"Mambo ya roketi ni ya wazungu." Hapo mzee yeyote wa kaskazini mwa Katanga anaweza kukusaidia. Tarehe 17 Mei 1977 kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka kwenye uwanda wa juu kando ya mto Luvua, wakati mkoa ukiitwa Shaba. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka Mobutu akitazama. Ardhi ilikuwa yetu, roketi haikuwa yetu, na kijana anayeuliza atajua mwenyewe la kufanya na habari hiyo.

Swali la Mungu litakuja pia, mara nyingi kutoka kwa mtu wa maombi. Sijibishani. Namwambia yaliyo kwenye darubini ndiyo ninayoyajua, namrudisha kwenye foleni achungulie mara ya pili. Na neno "sijui" liwe karibu na ulimi. Watu wa Lushi wanamjua muongo kwa sauti yake.

Jua: sharti moja

Darubini na jumeli zisielekezwe kamwe kwenye jua, hata kwa sekunde, hata lina wingu. Wakati wa kupatwa kwa jua watu hukimbilia radiografia (picha za eksirei), CD, beseni la maji na miwani ya soudeur, mchomelea vyuma. Tatu za kwanza zikatae moja kwa moja. Kioo cha soudeur kinafaa kikiwa namba 14 tu, na vingi vinavyotumika kwenye karakana ni namba 10 au 11, havitoshi. Njia isiyo na hatari ni tundu: toboa karatasi ngumu kwa msumari mwembamba, lipe jua mgongo, angusha mwanga kwenye karatasi nyeupe iliyo mita moja mbali, utapata jua lenye upana wa milimita 9. Mwembe hufanya kazi hiyohiyo bure, kila mwanya kati ya majani unachora jua lililomegwa chini ya mti.

Mwezi unapopatwa hakuna hatari yoyote. Tarehe 7 Septemba 2025 ulipatwa wote kwa dakika 82, kwetu kuanzia saa moja na nusu jioni, na moshi wa Septemba ukauongezea wekundu. Andaa sasa kwa tarehe 28 Agosti 2026: kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mwezi utaanza kuliwa, na utazama magharibi ukiwa umebaki ukucha. Chagua mahali penye magharibi wazi.

Mvua ikizuia

Miezi ya mvua hamia ndani, na kwenye WhatsApp, kwa kuwa huko uongo haulali. Kila Agosti unarudi ujumbe kwamba sayari ya Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Ujumbe huo ulizaliwa 2003, Mirihi ilipokuwa karibu kweli, na mtu akakata sentensi iliyohusu kutazama kwa darubini. Usitume karipio. Tuma picha yako mwenyewe ya Mirihi uliyoipiga kwa simu kutoka barabarani, nukta nyekundu, na saa uliyoipiga.

Ukituma picha za darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, sema wazi kwamba inaona mwanga usioonekana kwa jicho letu, na rangi zile zimetafsiriwa. Ukinyamaza, siku watakapochungulia nebula na kukuta wingu la kijivu, watadhani umewaibia. Na usisahau kutaja MeerKAT, sahani 64 zinazosikiliza mbingu kutoka jangwa la Karoo, Afrika Kusini. Lori za shaba za hapa huelekea kusini kila siku, madereva wanaijua njia ya nchi ile.

Kabla ya kufunga, hesabu lenzi, weka mifuniko, mrudishie mwenye parseli kreti yake, na yeye awe wa mwisho kuchungulia, akiwa peke yake, bila foleni nyuma yake. Pitisha daftari kwa waliobaki. Usiwaombe maoni, waombe wachore walichokiona. Mchoro wa yule mama muuza makala ni duara lenye matobo saba, na pembeni ameweka nukta moja nje ya mwezi. Nilimuuliza ni nini. Alisema ilikuwa pale, ila mimi sikuwa nimetazama.